Rimu za Mwalimu Bupe

Sekela mwanangu,

Umekwenda Lufingo kumuaga bibi yako, na mimi mvua imenizuia kwenda kijiweni. Nimekaa kwenye meza yako ya kusomea, nimechana karatasi za katikati ya daftari lako la zamani la hesabu. Kalamu yenyewe nimeitafuta nusu saa. Mkono wangu umezoea brashi na mpira wa maji, kwa hiyo uvumilie mwandiko.

Sitakuandikia mambo ya safari. Shangazi yako ameshakueleza mara tatu begi lipi likae miguuni na lipi liende kwenye buti la basi, na bibi yako bila shaka sasa hivi anakufungia maparachichi ambayo hutaweza kuyabeba. Habari za kula, kulala, kuamka mapema na kuheshimu watu unazijua kuliko mimi. Nina jambo moja tu, na nimeshindwa kulisema kwa mdomo kwa miaka yote uliyoishi duniani.

Wiki iliyopita, tukiwa tunafunga pampu, uliniuliza, "Baba, hivi baba mkubwa Bakari aliondoka kwa nini hapa Kiwira?"

Nikakujibu, "Alikwenda kutafuta maisha."

Ukaitikia, ukaendelea kukunja mpira. Mimi nikasimama pale nikijifanya naangalia mawingu. Nilikudanganya, Sekela. Kesho unakwenda Morogoro kukaa nyumbani kwa mtu huyo, kujifunza kazi kwenye karakana yake ya rimu, kula chakula cha mkewe. Haifai ufike pale bila kujua nilichomfanyia. Na ukijua, ujue kutoka kwangu.

Nianze mbali kidogo, kwa sababu nikianza na ubaya wangu utadhani siku zile zote zilikuwa mbaya, na haikuwa hivyo. Zilikuwa siku nzuri kuliko nyingi nilizopata baadaye.

Mimi na Bakari tulianza kuosha magari kabla hujazaliwa, pale pale unapopajua, upande wa chini wa barabara. Babu yake alitoka Kilwa akaja Tukuyu na cherehani yake. Baba yake, Mzee Rajabu, alikuwa fundi wa makochi, na nyumba nyingi za walimu na watumishi wa zamani pale mjini zina viti alivyovishona yeye. Bakari alizaliwa Tukuyu, akakulia Tukuyu, na Kinyakyusa chake kilikuwa safi kuliko changu. Wazee kutoka vijijini walikuwa wakipiga naye soga asubuhi nzima, halafu Ijumaa wanamwona amevaa kanzu anakwenda kuswali, wanashangaa. "Kumbe huyu si mwenzetu?" Na yeye anawajibu kwa Kinyakyusa kwamba ni mwenzao, ila Ijumaa tu ana miadi.

Asubuhi za Kiwira wewe unazijua, lakini zile zilikuwa na ukungu zaidi, au labda naziona hivyo kwa sababu nilikuwa kijana. Lori la makaa ya mawe ulikuwa unalisikia muda mrefu kabla ya kuliona. Mama yako alikuwa anafika na chupa kubwa ya chai na sufuria la ndizi zilizopikwa na maharage, anawauzia madereva, na sisi wawili anatupa kwanza. Tulishika vikombe mpaka vidole vikalegea, ndipo tuguse maji. Bakari alikuwa na tabia ya kuyasalimia magari. Likija pikapu chakavu la mbao anainamisha kichwa na kusema, "Shikamoo mzee, umelala salama?" Mama yako alikuwa anacheka mpaka anaweka mwiko chini. Nikifumba macho sasa hivi nauona mwiko ule, na mvuke, na yeye ameshika kiuno kwa sababu ya kucheka.

Miaka hiyo rimu za kung'aa zilikuwa chache huku kwetu. Magari mengi yalikuwa na rimu za chuma, nyingine na vifuniko vya plastiki, na tope lake uliweza kulipiga na chochote ulichonacho. Zile nyepesi, watu wanazoziita spoti rimu, zilikuwa zinakuja moja moja kutoka Mbeya au Dar, na Bakari peke yake ndiye aliyejua kuzishika. Alikuwa amekaa Mbeya miaka miwili na fundi wa kupaka rimu rangi. Akaniambia, "Ile inayong'aa siyo rimu. Ni ngozi nyembamba ya vanishi juu ya rangi. Wewe unaosha ngozi. Ukiitoboa, chini yake maji yatatembea kama mchwa."

Kila kitu ninachokukumbusha kijiweni, ulichodhani ni changu, kilikuwa chake. Kugusa rimu kwanza na mgongo wa mkono kulikuwa kwake. Gari likitoka Mbeya linashuka kutoka Isongole breki zimekanyagwa mpaka huku, rimu inafika ya moto, na mteja ana haraka. Bakari anaweka mgongo wa mkono, anautoa, anamwambia mteja, "Mzee, kunywa chai kwanza. Ikinichoma mimi na yenyewe inaungua. Iache ipumue." Maji matupu kwanza, mengi, kabla ya kitambaa, nako kulikuwa kwake. "Ukipitisha kitambaa juu ya mchanga umeshatengeneza msasa." Sabuni iwe ile laini ya kuoshea bodi, siyo ya unga. Ndoo ya rimu iwe ya rimu tu, kitambaa chake kisiguse bodi. Brashi ya nywele laini, na mswaki wa zamani kwenye kona za nati ambako vumbi la breki linajificha. Unamaliza rimu moja, unaisuuza kabla povu halijakauka, ndipo unakwenda nyingine. Mwisho taulo, usiliachie jua likukaushie.

Mimi nilikuwa mtu wa haraka. Bakari akiwa kwenye rimu ya pili, mimi nimeshamaliza gari zima na kuanza lingine. Nilikuwa namtania, "Bakari, hiyo rimu unaiosha au unaiposa?" Naye anasema, "Ikinikubali nitakuambia." Tulikuwa hivyo. Hatukuwahi kugombana hata siku moja, mpaka siku ile, na hata siku ile hatukugombana. Ingekuwa nafuu tungegombana.

Ilikuwa Ijumaa. Mama yako alikuwa na mimba yako, imebaki mwezi mmoja, na alikuwa ameshaacha kupika kijiweni, anakuja tu kukaa. Mchana akaja Mwalimu Bupe. Wewe unamjua kama yule mama mrefu wa Tukuyu anayetembea na mwavuli hata pasipo mvua. Wakati huo alikuwa bado anafundisha, na ndiye aliyemfundisha Bakari kusoma. Mumewe alikuwa amefariki mwaka ule. Gari lilikuwa la mumewe, dogo, la rangi ya fedha, na zile rimu marehemu aliziagiza Dar akaendeshea miezi michache tu kabla ya kuugua. Jumamosi yake binti yao alikuwa anaolewa, na Mwalimu alitaka binti aende kanisani na gari la baba yake.

Alikuwa ametoka Mbeya kuchukua gauni. Akanikabidhi funguo, akasema, "Bakari yupo?"

Nikamwambia, "Amekwenda kuswali, anarudi sasa hivi."

"Basi hizo rimu umwachie yeye. Wewe osha mengine. Mimi naingia sokoni, narudi."

Maneno hayo yalinichoma. Leo naona ni neno la kawaida kabisa la mtu anayejua nani anaweza nini, lakini siku ile nilikuwa na miaka ishirini na sita na mke wangu alikuwa amekaa pale akisikia. Nikasema moyoni, nitazitakatisha mpaka Mwalimu aone uso wake humo, na Bakari akirudi akute kazi imekwisha.

Kulikuwa na chupa ya dawa ya kusafishia masinki ya choo, ile kali yenye asidi, ambayo dereva mmoja aliisahau. Nilikuwa nimeshaitumia kwenye rimu za chuma za lori, ikala kutu vizuri sana. Sikugusa rimu na mgongo wa mkono. Zilikuwa zimetoka kuteremka mlima muda ule ule. Nikamimina.

Ilichemka, Sekela. Ikatoa moshi mdogo mweupe wenye harufu ya kukata pua. Mama yako akasema, "Unafanya nini?" Nikasema, "Inatoa uchafu." Nikaizungukia ya pili, ya tatu, ya nne, kabla sijarudi kusuuza ya kwanza, kwa sababu nilitaka kumaliza. Niliporudi na maji, ya kwanza ilikuwa imegeuka nyeupe kama mtu aliyemwagikiwa maziwa. Nikasugua na kitambaa, weupe haukutoka. Nikachukua stilwaya ya kusugulia sufuria, iliyobaki pale tangu mama yako alipokuwa akipika, nikasugua kwa nguvu zangu zote. Weupe ukatoka kweli, na vanishi ikatoka, na rangi ikatoka, ikabaki mikwaruzo mizunguko mizunguko kama ya kuku walioparua. Na bado nikaifuata ya pili na stilwaya ile ile. Sijui nilikuwa natarajia nini.

Mwalimu alirudi kabla ya Bakari. Alisimama akaangalia magurudumu muda mrefu. Hakupaza sauti. Akauliza, "Nani kafanya hivi?"

Nikasema, "Bakari."

Hivyo tu. Jina moja. Sikuwa nimelipanga. Lilitoka kama mtu anavyonyanyua mkono kujikinga. Mama yako alikuwa amekaa hatua tano kutoka pale, na nilisikia anavuta pumzi.

Bakari akaja anatembea zake kutoka msikitini, kanzu ameikunja mkononi kwa ajili ya tope. Mwalimu akamgeukia. Akamwambia, "Nilikuamini kwa sababu ya baba yako. Yule mzee hajawahi kuharibu hata kitambaa cha mtu. Wewe umetoka wapi?" Akasema na mengine, mbele ya madereva na akina mama wauza ndizi. Bakari akaangalia rimu. Akaangalia stilwaya chini. Akaniangalia mimi. Nilikuwa nafunga mpira wa maji ambao haukuhitaji kufungwa.

Akasema, "Nitazitengeneza, Mwalimu."

Basi. Jioni ile alikwenda kwa fundi mmoja akaazima rimu nne za chuma, nyeusi, akazifunga, na binti wa Mwalimu alikwenda kanisani kwa gari la baba yake lenye miguu ya kuazima. Zile rimu Bakari alizipeleka kwa baba yake Tukuyu. Kwa wiki tatu alikaa barazani katikati ya makochi yasiyo na vitambaa, anazisugua kwa msasa wa maji, mkali kwanza kisha laini, kila tundu kwa kidole, akazipaka rangi na kuzivisha vanishi. Mimi nilifika pale mara moja tu. Mzee Rajabu alinikaribisha vizuri, akaniambia, "Mwenzio kanitia aibu, mwanangu. Lakini anajitahidi." Nikanywa uji wake, nikaondoka.

Baadaye nilikuja kujua kwamba mzee yule alikwenda mwenyewe kwa Mwalimu kumwomba radhi kwa ajili ya mwanawe.

Rimu zilirudi nzuri, ila rangi ya fedha ya dukani haikulingana sawasawa na ya mwanzo, ikawa nyeupe kidogo. Mwezi ule ule ulizaliwa. Bakari alikuja kukuona, akakushika, akasema una mkono mrefu wa fundi. Wiki iliyofuata akahamia Morogoro kwa dada yake. Nilimsindikiza kituoni. Alipanda basi, akaniangalia dirishani, akangoja. Mimi nikampungia mkono.

Baada ya basi lile mama yako alikaa siku nne bila kusema nami. Siku ya tano aliniambia, wewe ukiwa unanyonya, "Sitakusemea. Ni mdomo wako. Lakini ukisema, siku hiyo nitapika." Alikuwa na maana atapika kama sikukuu. Kila mwaka alikuwa ananiuliza mara moja, kwa upole, "Umekwenda kwa Mwalimu?" Namjibu bado. Ulipofika miaka saba au minane akaacha kuniuliza. Kuacha kwake ndiko kulikoniumiza kuliko kuuliza. Alikufa kabla sijakwenda. Ile siku ya kupika haikufika.

Mzee Rajabu naye alikufa, mapema zaidi, wewe ulikuwa bado hujaanza shule. Nilikwenda kumzika. Nilishika jeneza upande wa miguu, nikaondoka kabla Bakari hajafika kutoka Morogoro. Alikwenda kaburini akiamini mwanawe ni mvivu aliyeharibu mali ya mjane.

Sitaki ulie kwa ajili yangu hapo, mwanangu. Nakueleza tu yalivyokuwa.

Sasa msiba wa mama yako. Unakumbuka siku ya tatu Lufingo, wageni wanaondoka, na wewe badala ya kukaa na wanawake ulichukua ndoo mbili ukawa unaosha magurudumu ya gari la mjomba wako lililojaa tope. Nilijua kwa nini. Mkono ukiwa na kazi moyo unapata pa kukaa. Bakari alikuwa amefika kutoka Morogoro jana yake. Miaka kumi na minane sikuwa nimemwona, amekuwa mnene, ndevu zimeingia mvi. Alisimama nyuma yako, akaona unagusa rimu na mgongo wa mkono.

Akakuuliza, "Nani kakufundisha hivyo?"

Ukasema, "Baba."

Akanigeukia mbele ya watu. "Na wewe nani kakufundisha?"

Nikasema, "Wewe."

Ndipo tulipoondoka wawili, ukatuona tunashuka mpaka mwisho wa shamba kwenye chai ya bibi yako. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi kwa miaka mingi. Yalitoka mawili. "Nilikosa, Bakari."

"Najua," akasema. Alikuwa anachuma majani ya chai bila kuangalia, anayaviringisha vidoleni. "Siku ile nilikupa nafasi useme. Nikakupa na kesho yake. Nikakupa wiki tatu nzima za msasa. Hata kituoni nilikuwa nasubiri. Baadaye nikaanza kuona aibu kwa niaba yako, nikashindwa kukaa karibu nawe."

Nikamwambia, "Nisamehe."

"Mimi nilishakusamehe, maana nilichoka kukubeba. Lakini kwa baba yangu siwezi kukusemea. Hilo nenda nalo mwenyewe."

Mvua nyepesi ikaanza. Kisha akasema, "Ndaga kwa msiba." Lilikuwa lile neno letu la kushukuru ambalo pia ni la pole, na sikujua siku ile alinipa upande gani. Tulipokuwa tunapanda kurudi akaniambia, "Yule binti ana mkono. Akimaliza shule, nipe." Hivyo ndivyo safari yako ilivyoanza.

Na mimi nikajidanganya tena. Nikasema, Bakari amenisamehe, mzee hayupo, mambo yamekwisha. Sikwenda kwa Mwalimu Bupe. Nimekuwa naliona gari lake likipita na zile rimu zenye weupe kidogo, na kila mara nageuza uso, kama mdaiwa. Ni mpaka uliponiuliza lile swali, na nikajisikia nikisema "kutafuta maisha" kwa sauti nyepesi kabisa, bila hata kigugumizi, ndipo nilipoogopa. Nilikuwa nimekuwa hodari.

Jumapili nilikuaga kwamba nakwenda Tukuyu kuangalia pampu. Nilikwenda kwake. Alikuwa barazani anachambua maharage kwenye ungo. Nikamwamkia, nikakataa kukaa, nikasimama nikamwambia yote kama nilivyokuandikia wewe, asidi, stilwaya na jina nililolitaja.

Aliendelea kuchambua. Nikadhani hakusikia vizuri. Halafu mikono ikasimama.

"Yule mzee alikuja hapa," akasema. "Rajabu. Alivua kofia akaishika mkononi. Nilimwacha amesimama pale ulipo wewe. Sikumpa hata kiti. Mzee mkubwa vile, niliongea naye kama mwanafunzi."

Nikasogea kando kutoka pale niliposimama.

Akauliza, "Bakari yu hai?"

"Yupo Morogoro, Mwalimu. Binti yangu anakwenda kwake wiki hii."

"Una namba yake?"

Nikampa. Nilitarajia angeiandika. Akapiga pale pale, simu ameishika mbali kidogo na sikio kama wafanyavyo wazee, na nikamsikia Bakari anaitikia. Mwalimu akasema, "Bakari, ni mwalimu wako, Bupe." Akasema, "Yupo hapa mwenzio. Ameniambia." Kisha sauti yake ikabadilika, akaanza, "Baba yako nilimwacha amesimama mlangoni kwangu," na mimi nikashuka uani, kwa sababu hayo yalikuwa yao.

Nilikaa huko muda mrefu. Gari lilikuwa limeegeshwa karibu na tangi la maji, limejaa tope la wiki nzima. Mwalimu alishuka macho mekundu. Hakunishika mkono, wala hakuniambia amenisamehe, na sikumuuliza. Alisema tu, "Bakari anasema uangalie kama vanishi yake bado inashika."

Kwa hiyo nikachuchumaa. Nikaweka mgongo wa mkono, ilikuwa ya baridi, gari halijatoka tangu jana. Mwalimu akaniletea ndoo na kipande cha taulo na mswaki wa zamani. Nikamwaga maji matupu mpaka mchanga wote ukatoka. Nikaosha moja, nikaisuuza, nikaifuta, ndipo nikaenda ya pili. Sijawahi kuosha rimu taratibu vile. Mwalimu alisimama mlangoni hakuondoka. Miaka ishirini, Sekela, na kazi ya mkono wa Bakari bado ilikuwa nzima. Niliona mpaka pale alipopitisha msasa kwenye tundu dogo ambalo mtu mwingine yeyote angeliruka.

Mwanangu, sijui nikupe ushauri gani unaostahili kutoka kwa mtu kama mimi. Utaharibu rimu ya mtu huko. Kila fundi ameharibu. Siku hiyo mdomo utataka kukutangulia, maana ni mwepesi kuliko mkono. Ukiweza, uzuie hata kwa muda wa kusuuza gurudumu moja, halafu useme lililotokea. Mteja atakasirika, na hasira yake utaizoea. Mimi nilichoshindwa kukizoea ni lile basi kuondoka.

Na usimwonee haya baba mkubwa kwa sababu yangu. Hakuchukui ili unilipie. Alikuona siku moja tu na ndoo mbili, akaona kile ambacho mimi nilichelewa kukiona. Akikuuliza habari zangu, mwambie kweli, hata zisizopendeza. Akitaka kukusimulia siku zile za Kiwira, mwache asimulie, nawe umkumbushe habari ya miadi ya Ijumaa, ataicheka. Mama yako angefurahi kujua kuna mtu mwingine duniani anayekumbuka alivyokuwa akicheka.

Kuna ujumbe mmoja wa kazi. Rimu ya nyuma kushoto ya Mwalimu, karibu na pale pa kujazia upepo, vanishi imeanza kuinuka, na chini yake kuna mistari myeupe midogo inayotambaa. Siyo kubwa, ila mvua za huku hazitaiacha. Nilimwambia Mwalimu nitamtafutia fundi Mbeya. Akakataa. Alisema imesubiri miaka mingi, inaweza kusubiri tena mpaka likizo yako ya kwanza, na kwamba hatampa mtu mwingine yeyote aishike ila wewe.

Basi mwambie Bakari akufundishe hiyo kwanza.

Baba yako